Mananasi, Paja la Krismasi na Wifi Glenys

Ijumaa, 19 Desemba

Habari kubwa! Mama mkwe ameng'atuka. Kiwiko kinamuuma, paja la nguruwe la Krismasi ni zito, na hataki tena kuinama mbele ya tanuri kwenye joto hili la kiangazi la mji wetu wa Yeppoon. Ametangaza leo wakati wa chai, mbele ya familia nzima, huku akijipepea kwa gazeti. Mimi nitaandaa paja moja, wifi yangu Glenys ataandaa jingine. Yeye Mama Dot ataonja yote mawili, na atakayemfanya aombe nyongeza ndiye mwokaji wa familia mpaka kiama.

Mwokaji wa familia! Tangu niolewe na Col nimekuwa mtu wa saladi ya viazi. Hakuna anayemkumbuka mtu wa saladi ya viazi. Hata kwenye picha nakatwa kichwa. Glenys ni dada yake Col: mrefu, mtaratibu, anapiga pasi mpaka mashuka, hajawahi kuunguza hata kipande cha mkate. Nimemkumbatia na kumwambia ashinde aliye bora. Moyoni nikasema, utajua hujui.

Paja lenyewe sote tunanunua limeshaiva na kufukizwa moshi. Kwa hiyo ushindi wote uko kwenye rojo la matunda la kupaka juu. Na rojo la Glenys, kwa vyovyote, litakuwa la embe. Nina mpango.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimenunua maembe yote mjini. Yote! Ya sokoni, ya duka la kona, hata ya yule mzee anayeuza nyuma ya gari lake. Glenys akitaka embe, na aliote usingizini. Yamejaa sebuleni, yamejaa ndani ya beseni la kuogea, mengine nimeyafunga mkanda kwenye kiti cha mbele cha gari. Col kaniuliza yote haya ya nini. Nikamwambia vitamini.

Alasiri nikamtuma Col kwa dada yake ajifanye anaazima ngazi, kumbe anapeleleza. Alikaa huko mpaka nikakata tamaa. Karudi ana makombo ya keki kwenye ndevu, hana ngazi, hana habari. Kakumbuka jambo moja tu: Glenys hali maembe, yanamwasha midomo. Hajawahi kula tangu utotoni.

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Huyu ndiye mume wangu.

Jumapili, 21 Desemba

Popo wamevamia baraza. Nimepeleka maembe kanisani. Wa kwanza walishukuru, wa katikati walichukua kwa heshima, wa mwisho wakaanza kupitia mlango wa nyuma. Mchungaji kasema nina moyo wa ukarimu. Nimekubali. Mtu akisifiwa asibishane.

Jumatatu, 22 Desemba

Leo ni siku ya takataka. Pipa la Glenys la kifuniko cha njano, lile la makopo na karatasi, lilikuwa nje barabarani tangu asubuhi, na kitu kikishafika barabarani ni cha umma, nadhani. Nikazama mpaka kiunoni.

Makopo! Makopo matupu ya mananasi, yamefichwa ndani ya boksi la sabuni ya kufulia! Yaani Glenys anafanya majaribio ya rojo la nanasi la kopo. Hapa kwetu, ambako mananasi yanalimwa mpaka nyuma ya shule! Ningekuwa yeye ningehama mji. Nilicheka peke yangu mle ndani mpaka pipa likatoa mwangwi.

Nilipotoa kichwa, Glenys alikuwa amesimama na mpira wa kumwagilia maua.

"Wifi, kulikoni humo?"

Nikamwambia namtafuta paka wangu. Akashika kifua, masikini, anaitwa nani? Nikasema Kevin. Sijui kwa nini Kevin. Hatuna paka.

Hata hivyo, siri nimeipata. Yeye anatumia la kopo, mimi nitatumia la shambani, lililokatwa leo leo. Nimekwenda kibanda cha njiani nikachukua makubwa yanayonukia mpaka mate yanatoka. Nimelichuna paja ngozi yake, nikalitoboa kila mahali kwa sindano ya kufumia, mpaka mfupani, ili utamu uingie ndani kabisa. Nikasaga mananasi, nikalizamisha paja humo kwenye ndoo safi, nikaiweka ndoo ndani ya friji ya bia ya gereji. Bia zimehamia chini ya kitanda. Col hasemi nami.

Rojo la kopo hupakwa siku ya kuoka tu. La kwangu litakaa mpaka Krismasi yenyewe. Akili hiyo!

Jumanne, 23 Desemba

Glenys kabisha hodi mapema, jasho linamtoka, mikwaruzo mikononi, na paka mwekundu kwenye taulo. Amezunguka mtaa mzima kumtafuta. "Kevin huyu hapa, wifi! Alikuwa chini ya nyumba ya jirani." Ningefanyaje? Nikambusu paka. Paka akaning'ata. Glenys akasema ndiyo mapenzi yenyewe hayo.

Sasa tuna paka. Naye analala juu ya bia za Col.

Nimelichungulia paja. Limelainika kiasi kwamba kidole kinazama bila nguvu. Nimelifunika taratibu nikacheza kidogo pale gereji.

Jumatano, 24 Desemba

Simu kutoka kwa Glenys, eti anaulizia hali ya Kevin. Najua alichokuwa anakitafuta. Nilishindwa kujizuia, nikamwambia paja langu limelala ndani ya nanasi la shambani tangu Jumatatu, si la kopo kama la watu fulani.

Akauliza kwa sauti ya upole, "La shambani, wifi? Tangu Jumatatu? Hebu kalitoe sasa hivi, sikiliza, nanasi hilo lita..."

Nikakata simu. Wivu mbaya sana! Yaani anataka nilitoe kabla halijakolea. Nimeongeza nanasi moja.

Alhamisi, 25 Desemba

Niandike taratibu nisiruke kitu.

Asubuhi nililipaka paja sukari nyekundu, tangawizi na rojo langu, nikalichomeka karafuu, nikalioka kwenye jiko la kuchomea nyama uani. Col alilibeba mpaka kwa Mama Dot, mimi nilitembea mbele yake kama askari. Liling'aa! Watoto walipoacha kriketi kuja mezani walilipigia makofi. La Glenys lilikuwa na miduara ya nanasi iliyopangwa kwa mstari, na tunda la cheri katikati ya kila mduara. Nadhifu kama mashuka yake.

Tukavaa mataji ya karatasi, kama ilivyo desturi ya Krismasi. Col akashika kisu, akaanza na la Glenys. Vipande vyembamba, vizuri, sina la kusema. Mama Dot akatia kimoja mdomoni. Akatafuna. Akanywa maji. Akatafuna tena. Hakuomba nyongeza! Nikambana Col goti chini ya meza nikasahau kwamba amesimama, kumbe goti lilikuwa la shemeji, mume wa Glenys.

Zamu yangu. Col aligusa kwa ncha ya kisu tu, na paja likaketi. Sina neno jingine. Liliketi. Nyama ikateremka pande zote, mfupa ukabaki umesimama peke yake katikati ya sinia, na kuuzunguka ni uji wa rangi ya waridi wenye karafuu. Mtoto wa Glenys akauliza kama hicho ndicho chakula cha Kevin.

Meza nzima ikavunjika mbavu. Col alicheka mpaka taji lake likatumbukia kwenye sinia. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Machozi yalinilenga kweli kweli. Niliona miaka yangu yote iliyobaki, na bakuli la viazi mkononi.

Hapo Mama Dot akavuta sinia. Akachota kwa kijiko, akapaka kwenye mkate kama siagi, akala. Akafumba macho. Akachota tena, akanigeukia mimi.

"Raelene mwanangu, niongezee. Na hiyo karafuu itoe."

Glenys akasema kwa adabu, mama, hilo limeharibika. Mama Dot akamjibu kwamba meno yake ya bandia ni mapya na yanamchoma tangu wiki iliyopita, ameishi kwa supu kwa siri, na hiki ndicho chakula cha kwanza cha kueleweka kupita kooni mwake. Halafu akagonga meza kwa kijiko: ameomba nyongeza, na sheria ni sheria.

Nilipanda juu ya kiti! Nikapiga vigelegele! Glenys, Mungu ambariki, alicheka mpaka akapaliwa, akanishusha na kunikumbatia, akaninong'oneza kwamba nanasi la shambani hula nyama, la kopo limeshapikwa ndiyo maana halina nguvu hiyo, na hilo ndilo alilotaka kuniambia kwenye simu. Tulikula kamba wa baharini, tukacheza kriketi mpaka jua likazama, na Mama Dot akalamba kijiko. Sijawahi kufurahi hivi tangu harusi yangu.

Ijumaa, 26 Desemba

Mwokaji wa familia. Rasmi! Nimeamka nikijiita hivyo mbele ya kioo.

Nanasi hula nyama, eti. Nimemwonea Glenys huruma, kushindwa ni kugumu. Meno ya Mama Dot hayahusiani na chochote; kilichomshinda ni utamu wangu.

Ila mwokaji wa kweli hujikosoa. Nakiri nanasi lina ukali kidogo. Kwa hiyo mwaka ujao nimeamua kutumia tunda pole, tunda la watoto na wagonjwa, lisiloweza kumdhuru mtu wala nyama: papai. Tena bichi kabisa, pamoja na utomvu wake wote. Nyuma ya nyumba mpapai umejaa. Nitalizamisha paja humo wiki nzima.