Gari Linalojipoza Lenyewe Kwanza

Kwa Bwana Maxime,
Mkurugenzi wa kampuni ya magari ya umeme,
Bujumbura

Bwana Mkurugenzi,

Natumaini barua hii inakukuta ofisini kwako. Siku niliyokuja kusaini karatasi za gari niliona mwenyewe kwamba humo ndani baridi ipo ya kutosha, hata yale maua ya plastiki yalikuwa yanatetemeka. Mimi ni Majid Seif, muuza vitambaa wa Bwiza. Kulalamika sijazoea. Kwa miaka thelathini na miwili mimi ndiye ninayelalamikiwa, kwa hiyo najua vizuri lalamiko lenye adabu na lisilo na adabu. Hili lina adabu.

Mwezi wa tatu, baada ya kupanga foleni za mafuta hadi nikayajua majina ya wajukuu wa waliokuwa mbele yangu, nilichukua kwako gari jeupe la umeme. Kutembea, linatembea. Halitoi moshi wala kelele, na majirani hawajui tena natoka saa ngapi na kurudi saa ngapi, jambo linalowaumiza sana. Shida ni kiyoyozi chake, ambacho sisi hapa tunakiita klimu. Nimeyapanga malalamiko kwa namba ili usipate taabu.

1. Klimu haina nguvu. Hewa inatoka, sikatai, ila inatoka kama pumzi ya mtu anayesoma dua kimoyomoyo. Nimeteremsha mpaka nyuzi kumi na sita, ambazo ndizo za mwisho. Mke wangu Radhia aliweka kiganja mbele ya tundu, akangoja, halafu akaniuliza kama gari limewashwa.

2. Nililileta garajini kwako. Fundi wako Bonfils ni kijana mwenye heshima. Alikuta gari limewekwa katika hali ya kubana umeme, akaitoa. Akachomoa chujio la hewa, akanionyesha vumbi lililojaa, akaweka jipya. Klimu ikapuliza baridi hadi miwani yangu ikaingia ukungu. Nikawaombea dua wazazi wake, nikarudi nyumbani. Kesho yake mchana, joto lile lile. Nikarudi garajini: baridi. Nikarudi Bwiza: joto. Mara tatu, Bwana Mkurugenzi! Mara ya tatu Bonfils alijikuna kichwa akaniambia, "Mzee, mi naona iko inapuliza muzuri. Labda ni kwenu ndiko kuko joto." Bwiza na garaji lako tunatumia jua moja. Kwa hiyo gari hili nalishtaki kwa unafiki: mbele ya waliolileta linajipendekeza, mbele ya aliyelinunua linanuna.

3. Limenitenga na rafiki. Jirani yangu Shakuru anatengeneza friji, na aliniambia kwamba klimu na friji ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Alikuja na chupa yake ya gesi. Kwa adabu nikampigia simu Bonfils ili mafundi wasalimiane kwanza, naye akapiga kelele hadi mtaa mzima ukasikia: "Apana, mzee! Asiguse! Hiyo iko na umeme ya kuua mutu, na oili yake si ya friji!" Shakuru alibeba chupa yake akaondoka. Tangu siku hiyo ananisalimia kwa nyusi tu.

4. Hili naliandika nikiwa nimekaa chini. Nilimuuliza Bonfils baridi yangu inakwenda wapi. Akajibu, "Mzee, joto ikikuwa mingi, gari inapoza batri kwanza. Yenye inabaki ndiyo inakuja kwa watu." Nilimwomba arudie. Akarudia.

Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo mgeni hunawa wa kwanza na kula wa kwanza, na mwenye nyumba husema ameshiba hata kama tumbo linamkanusha. Leo nimeleta uani kwangu chombo kinachomkalisha mgeni kwenye joto huku chenyewe kinajipepea. Naomba kujua cheo cha batri hiyo. Ni mjamzito? Imetoka hija?

5. Nafika sasa kwenye jambo lililonishikisha kalamu. Binti yangu Alya ameposwa na kijana wa Mutakura, mtulivu, mwenye kazi yake. Upande wao mwenye neno la mwisho ni shangazi yake, Bi Hayat. Jumapili moja alikuwa aje kwetu na wanawake wenzake wawili kupanga siku ya ndoa, lakini gari lao halikuwa na tone la mafuta. Nikasema mimi ninalo la umeme, nitawafuata mwenyewe. Nilitaka sifa, sitaficha.

Walipanda saa saba mchana, wamejifukiza udi, wamevaa mabuibui mapya. Nikafunga vioo vyote kama muuzaji wako alivyoniagiza, nikateremsha klimu mpaka mwisho. Hatujafika hata nusu ya njia, lori likawa limelala barabarani. Tukasimama. Wanja ukaanza kushuka mashavuni. Bi Hayat akasema kwa upole, "Baba Alya, fungua basi kioo."

Nikamwambia, "Vumilia kidogo, dada yangu. Baridi iko inakuja."

"Iko inatoka wapi? Bururi kwenye milima? Na miguu?"

Wenzake walicheka. Nami nikaona kwamba kufungua kioo ni kukiri kuwa nimepakia wakwe katika gari bovu, nikakaza shingo. Zikapita dakika kumi. Aliyekaa katikati alivua viatu, kisha soksi, kisha akaanza kunong'ona Yasini. Bi Hayat aliacha kujipepea, akanitazama muda mrefu kupitia kile kioo cha juu ya dereva.

"Sasa nimeelewa," akasema. "We uko unabana umeme yako."

Alifungua mlango akashuka palepale barabarani, wenzake nyuma yake, mmoja viatu mkononi. Kabla ya kuufunga aliinama akaniambia, "Mutu mwenye ananyima wageni hewa, mutoto wake atatupatia maji kweli?" Wakarudi Mutakura kwa miguu, wamefunika vichwa kwa mikoba.

Neno hilo lilifika Bwiza kabla yangu, ingawa mimi nilikuwa na gari. Msikitini watu wananiachia nafasi pande zote mbili, eti nisije nikawabania hewa. Na Alya hajasema nami siku kumi na moja. Tunaishi nyumba moja, lakini majibu yake yananifikia kupitia mama yake, aliyekaa katikati yetu kwenye mkeka uleule. Juzi nilimkuta anakunja nguo yake ya ndoa, ya kitambaa nilichomchagulia mwenyewe dukani, anairudisha kwenye mfuko. Hakuwa analia. Angelia ningejua la kufanya.

Kwa sababu hizo naomba mambo matatu. Kwanza, batri ifundishwe kungoja zamu yake nyuma ya abiria. Kama haifundishiki, kampuni ituletee watu wa kupepea, mmoja kwa kila kiti, wakae juu ya paa na kupitisha mikono madirishani. Pili, wewe mwenyewe, umevaa suti na tai, ukae kiti cha nyuma kutoka Mutakura hadi Bwiza saa saba mchana, vioo vimefungwa, nami nitaendesha polepole nikikusimulia tofauti ya pamba na poliesta. Haya mawili unaweza kuyacheka. La tatu nakuomba usilicheke: mwandikie Bi Hayat barua yenye muhuri, umwambie kwamba Majid Seif si bahili. Kilicho kibovu ni gari.

Nakushukuru kwa kunisoma hadi hapa. Nisalimie mkeo na watoto, wahasibu wako, yule binti aliyenipa maji siku ile, Bonfils na wazazi wake, na hasa mlinzi wa getini, aliyeninong'oneza nisilinunue.

Ni mimi, nikiwa na jasho na heshima,

Majid Seif
Bwiza

Baada ya sahihi: Bonfils amefika asubuhi hii kuichukua barua akuletee mkononi. Ni mara yake ya kwanza kuja kwangu. Alisimama mbele ya gari akauliza, "Mzee, hii ngozi ni ya nini?" Nikamweleza kwamba hilo ni vazi la pua ya gari, ngozi ya bandia ya daraja la kwanza kutoka dukani kwangu. Radhia amelishona kwa mkono wake na kulitarizi Mashallah kwa uzi wa dhahabu, na linakinga vumbi pamoja na macho ya watu. Akauliza mbona garajini hajawahi kuliona. Nikamwambia huwa tunalivua kila tunapokwenda kwenu, lisichafuliwe na mikono ya mafundi.

Bonfils alikaa kwenye ngazi, akashika kichwa. Kumbe pale puani ndipo gari linapovutia upepo wa kupoza klimu, na batri pia. Akalivua vazi, tukawasha. Baada ya dakika tatu Radhia alikwenda kutafuta sweta.

Tafadhali yasome yale malalamiko kama habari tu. Nilitaka kuichana barua, lakini nimeiandika siku mbili na mwandiko umekaa vizuri. Nilimwapisha Bonfils kwamba hatamwambia mtu, naye akaapa. Tatizo ni kwamba Alya alikuwa dirishani simu sikioni, anacheka hadi ameshikilia pazia, na alikuwa ameshayasema yote. Alitoka uani akanipa simu. "Baba, shika." Ni maneno yake ya kwanza kwangu baada ya siku kumi na moja.

Bi Hayat hakunisalimia. Alisema, "Kumbe si choyo, ni bujinga tu! Bujinga hata kwetu iko. Tunakuja Jumamosi."