Jina Lisilobadilika la Hoteli ya Bwejuu

Jumatatu, 11 Agosti

Balaa! Bi Khairat, mwenye ofisi yetu hapa Mlandege, katugawia mimi na Muzna programu ya mapokezi ya hoteli ya Bwejuu. Atakayeng'ara atapewa pia hoteli nyengine mbili za tajiri mwenye hiyo ya Bwejuu. Lazima niwe mimi.

Kazi yangu: jina la hoteli. Likae pahala pamoja, programu nzima ilione, asiweze mtu kulibadilisha. Nikaandika lisomwe kwenye faili programu inapowaka. Kompaila, programu inayopitia tunachoandika, mkaguzi asiye na huruma, ikakataa. Eti jina lijulikane kabla programu haijawaka! Nimeipigia kelele mpaka muuza vitambaa wa chini kapanda kuuliza nani kafa.

Jumanne, 12 Agosti

Muzna kanionesha dawa. Sikumuomba! Kuna chombo kinachoanza kitupu. Unakijaza mara moja, kinajifunga, basi. Anayekuja nyuma hasikilizwi. Mstari wa kukijaza akauandika mwenyewe.

Nikapata wazo. Juu ya mstari wake nikatia wangu, utangulie kukijaza: "Muzna Mjuaji". Tajiri akiona, atamshangaa mtu aliyejitukuza kwenye hoteli ya mwenzake. Kompaila kimya. Leo ndiyo haina neno!

Alhamisi, 14 Agosti

Bwejuu. Skrini ya mapokezi, herufi kubwa: "Karibu Muzna Mjuaji". Tajiri, Mzee Ghanim, akauliza Muzna ndiye nani. Nikamuonesha kwa kidole, haraka.

Mzee akampa mkono. "Mashaallah, binti yangu! Fundi anayetia jina lake hadharani hakimbii lawama." Hoteli zote mbili akampa yeye!

Bi Khairat akanambia nirudishe jina la hoteli upesi. Limefungwa! Nikazima, nikawasha. Mstari wangu ukatangulia tena. Muzna akafungua kompyuta yake, akaufuta. Pembeni yake kompyuta ilikuwa imeandika nani kautia. Kacheka tu. Bora angenitukana.

Jumamosi, 16 Agosti

Sipewi tena programu. Bi Khairat kanipa brashi na rangi ya mafuta, niandike jina la ofisi mlangoni. Jina linabadilishwa, kasema, nisubiri yeye na Muzna waliamue.

Kusubiri nini? Nimewasikia wakilitaja jana kwenye ngazi. Nikaandika. Nadhifu! Haitoki hata kwa msasa.

Sasa hivi Bi Khairat kashuka na jina lililoamuliwa. Silo.

Kosa la Muzna. Angezungumza kwa sauti ya juu zaidi.