Matairi ya Theluji ya Fachtna

Fachtna Crowley aliyaona matairi manne yenye meno makubwa juu ya lundo la majani ya ng'ombe yaliyovundikwa. Mkulima alikuwa ameyaweka yakandamize plastiki. Fachtna akayaomba, akapewa bure. Akayaosha, akayapaka dawa ya viatu nyeusi mpaka yakang'aa kama viatu vya mtoto wa komunyo ya kwanza.

Kwetu huku Cork, mvua ndiyo yetu. Theluji ni ya kusimuliwa. Lakini ukitaka kutupumbaza, itaje tu, akili zote zinahama.

Alianzia kwa mjane Dymphna Twomey.

"Mama, umeona vichaka vilivyojaa matunda mekundu? Inakuja theluji ya kufunika milango."

"Hivi huku matairi ya theluji yana faida, mwanangu? Ile ya mwisho iliyeyuka birika halijachemka."

"Si theluji tu! Kukiwa na baridi na maji, tairi la kawaida linakuwa gumu, linateleza kama sabuni. Haya yanashika."

"Mbona gari lako limevaa ya kawaida?"

Fachtna akaligeukia gari lake. Matairi yake mapya ndiyo kitu pekee alichowahi kununua kwa jasho lake. Kila Jumapili aliyafuta kwa kitambaa.

"Natanguliza wazee," akasema.

Dymphna, aliyelelewa shambani, akainama, akayanusa kidogo. "Kijana mwema. Yaache bandani, nifikirie mpaka jioni."

Mchana Dymphna alikwenda dukani kununua mikate ya chai ya msiba wa jirani, akatoka na vikapu viwili vimejaa. Tukamwona. Hakuna aliyeuliza, kwetu mikate mingi ina maana moja tu: theluji inakuja. Saa kumi rafu zilikuwa tupu, na watu wazima tulikuwa tunavutana biskuti za mbwa.

Fachtna akaingia. "Kuna nini?"

"Theluji, bwana! Ya kufunika milango!"

Uongo wake ulikuwa umezunguka mji na kurudi umevaa koti jipya, hakuutambua. Mama yake alikuwa peke yake kule mlimani.

Akakimbilia kwa Dymphna. "Mama, huna matairi ya theluji ya kweli?"

"Ya kweli? Na yale yako?"

"Yale... yana mwenyewe."

"Basi yapo ya marehemu mume wangu, ya kutoka Norwei. Ila mimi nitabaki na nini?"

"Chukua yangu! Mapya kabisa!"

"Haya, mpwa wangu Donncha atakubadilishia huko nyuma. Njoo unywe chai."

Alikataa mara mbili, kama adabu inavyotaka. Ya tatu akakaa. Dymphna alimkatia mkate wa zabibu, akaupaka siagi nene, na mwingine akaufunga kwa kitambaa.

"Wa mama yako. Nenda polepole, mwanangu."

Mlimani hakukuwa na theluji, ila mvua ile ile ya vuguvugu. Harufu ikapanda: majani ya ng'ombe. Fachtna akasimamisha gari, akashuka. Maji meusi yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye magurudumu. Akagusa tairi, akatazama kidole. Dawa ya viatu.

Alicheka mpaka akakaa kwenye matope. "Fachtna, leo umepata mteja mjinga kuliko wote!"

Kisha akapanda gari, akaenda polepole kama alivyoagizwa. Mkate wa mama yake ulikuwa bado wa moto.