Bingwa na Onyo la Leseni

Hakuna mtu duniani aliyejua kuonya kama Bingwa! Jina hilo alijipa mwenyewe, maana wenzake walichelewa kumpa.

Ofisi yao ilitunza ghala la mtandaoni, ambako watengeneza programu hupakia vifurushi vya kazi zao. Kila kifurushi huja na maelezo, na kwenye maelezo hayo wengi walikuwa bado wanaandika mstari wa leseni, ule unaosema nani anaruhusiwa kuitumia kazi hiyo, kwa mtindo wa zamani. Bosi, mama mtu mzima aliyebakiza miaka miwili astaafu, akamwita Bingwa.

"Waonye, lakini usimzuie mtu. Kifurushi kipite. Ukifaulu, ukuu wa kitengo ni wako."

Weee! Bingwa akatoka kifua mbele. Kiti cha mkuu kilikuwa kitupu, akakikalia kwanza, akazunguka nacho mara mbili.

Kisha akaandika onyo. Mkaguzi, dada mpole wa meza ya jirani, akalisoma na kukuna kichwa.

"Kaka, si ungeanza na neno 'mstari'?"

"Dada yangu, onyo si barua ya mapenzi! Liwe fupi, likate!"

Asubuhi ya pili yake wafanyakazi wakajaa nyuma ya bosi. Akavaa miwani, akapakia kifurushi chake mwenyewe, alichokilea tangu ujanani. Skrini ikawaka njano:

UMEPITWA NA WAKATI. UONDOLEWE KABLA YA MWISHO WA MWEZI.

Chini yake, kwa herufi ndogo: kifurushi kimepokelewa.

Mtu mmoja akajikohoza bila kikohozi.

"Mimi?" bosi akauliza.

"Hapana, mama! Mstari! Mstari ndio umepitwa! Wewe bado... unasomeka!"

"Na wengine umeshawatumia?"

"Wote. Tangu jana. Shikamoo, mama."

Simu zikaanza kulia. Mzee mmoja aliuliza amekosa nini baada ya miaka yote hiyo. Mwingine alikuwa ameshawaaga wenzake kazini, na keki wameshakata! Bingwa alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mkaguzi akavuta kibodi, akaongeza maneno matatu mbele ya onyo: MSTARI WA LESENI. Bosi akapakia tena, akasoma, akacheka mpaka miwani ikamteleza.

"Lakini mama," Bingwa akanong'ona, "si kifurushi kimepita?"

"Kimepita," bosi akasema, huku akimpa mkaguzi mkono wa hongera kwa ukuu wa kitengo. "Aliyepitwa ni wewe."