Seng'enge Agawa Shamba

Gazeti la kaunti lilikuwa limeshaloa kahawa, lakini habari yenyewe ilisomeka: serikali ya jimbo iko tayari kuipa kaunti yetu fedha za kuajiri afisa wa mipango ya ardhi, azuie ukataji holela wa mashamba kuwa viwanja. Kwenye kaunta ya mkahawa wa Verna hiyo ilikuwa petroli kwenye moto. Tulikuwepo walewale wa kila asubuhi: mimi; Delbert, tunayemwita Seng'enge kwa anavyoipenda mipaka yake; Floyd, yaani Redio; na Arvid, mjumbe wa baraza la kaunti, ambaye kwetu ni Serikali hata akiwa na siagi kidevuni.

"Afisa wa mipango," Seng'enge alisema, akilitafuna neno pamoja na bekoni. "Kijana wa mjini aje aniambie shamba langu nilikateje. Montana hii hii?"

"Hakuambii, anakuuliza," Serikali alisema. "Maji yatatoka wapi, choo kitaelekea wapi, gari la zimamoto litapita wapi."

"Mbona babu yangu hakuulizwa?"

"Babu yako alikuwa na jirani mmoja, na walikuwa hawasemeshani," Redio akadakia. "Halafu wewe si ndiye juzi ulitaka jirani yako azuiwe kujenga nyumba arobaini?"

"Yule ni mwingine. Zile zitanitishia ng'ombe."

"Haya bwana. Mkuki kwa nguruwe."

Seng'enge akashusha sauti, ingawa hata mbwa wa Verna alimsikia. "Nyie subirini hela za jimbo. Mimi nimeshakata. Sheria inasema ukimgawia mkeo au mwanao kipande kama zawadi, hakuna wa kukukagua. Wanangu watatu nimewapa huko juu mlimani, mke wangu Marlys naye kapata chake. Hati zimetoka. Leo mchana anakuja tajiri kutoka Kalifornia, anabeba vyote."

"Mwanangu, wewe ni noma," Redio alisema.

"Serikali ikilala, wajanja tunakata."

Serikali hakucheka. "Cha Marlys kiko wapi?"

"Huku chini, chembamba, mawe matupu. Kinafuata barabara kuu toka uzio mpaka uzio. Nikaona apewe yeye, maana hakina bei."

"Sasa hivyo vya juu mtu atavifikiaje?"

Bekoni ya Seng'enge ikabaki hewani kwenye uma. Mimi sifichi, nilifurahi sana. Ng'ombe wa shamba lile nimewaswaga tangu utoto, na sikutaka kuona majumba ya vioo pale.

Kabla hajapata jibu, mlango ukafunguka, akaingia Marlys mwenyewe, glavu za kazi mkononi.

"Shemeji, karibu ukae," Redio alisema, kwa adabu ambayo sijawahi kumwona nayo.

"Sikai. Nimekuja kumwambia mume wangu kwamba mgeni wake amewahi. Nimemkuta getini kwangu."

"Getini kwetu," Seng'enge alisema.

"Kwangu. Ulinipa zawadi, nikakushukuru. Nimetia mnyororo na kufuli. Nimemwambia mimi siuzi, na kupita kwangu hapiti mtu. Ameuangalia mlima, akaliangalia kufuli, akageuza gari."

"Marlys, mama, ile ni pesa ya uzee wetu."

"Uzee wangu nataka niumalize nikiangalia ng'ombe, siyo paa la mtu. Ulipotaka kukata, uliniuliza?" Akamwekea ufunguo kando ya sahani. "Wewe ruksa kupita. Umenioa." Akatoka.

Seng'enge akauchukua ufunguo.

"Serikali," Seng'enge alisema polepole, "huyo afisa angeliona hilo la njia?"

"Kabla hajashuka kwenye gari."

"Na sasa hivi anaweza kusaidia?"

"Anaweza kukaa na nyie wawili, mkapanga upya. Shamba likabaki shamba, kikauzwa kipande kidogo chenye njia yake. Ila kwanza tumpate. Kesho jioni baraza linapiga kura kuzipokea hizo fedha au kuzikataa. Itabidi mwananchi asimame aziombe."

"Mtaka cha uvunguni..." Redio akaanza.

"Funga bakuli, Redio." Seng'enge aliugeuzageuza ule ufunguo. "Watu watakuwa wengi?"

Serikali akavaa kofia yake. "Wengi mno. Ni wale wote uliowapigia simu waje kuzipinga."