Kungoja Toleo la Nne

Jumatatu, 3 Juni

Wametangaza! Toleo la nne linakuja "hivi karibuni". Nimelisoma tangazo kazini, katikati ya kukata lenzi, na lenzi ya mteja ikatoka na umbo la yai. Si kitu. Atakatiwa nyingine.

Niandike vizuri, maana wajukuu huenda wakasoma. Kinyonga ni kisanduku changu cha gitaa. Unachomeka gitaa, unabonyeza kwa mguu, naye anaiga sauti ya amplifaya yoyote ya zamani, hata zile kubwa kama kabati. Ila programu iliyo ndani yake ni toleo la tatu, na toleo la tatu ndilo linaloniharibia jina. Kila nikipiga wimbo wa marehemu baba mkwe, nikifika pale kati unapopanda, noti zinakanyagana. Mke wangu anasema ni mimi ninayekimbia. Mke wangu ni fundi cherehani. Ya mitambo atayajulia wapi?

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anaoa Jumamosi ya wiki ijayo. Bi harusi ataingia ukumbini na wimbo huo. Marehemu alikuwa dobi, na aliupiga mluzi kila siku akinyoosha nguo za watu. Nataka kuupiga mimi. Miaka yote hii mama mkwe ananiita "yule wa miwani". Nataka siku moja aniite mwanangu. Basi. Sina tamaa nyingine.

Jumatano, 5 Juni

Balaa! Tulikuwa mazoezini kwenye saluni ya Kinyozi, mpiga ngoma na kiongozi wa bendi yetu. Nikafika pale kati, nikaanguka. Kinyozi akaweka vijiti chini, akasema kwa upole kwamba wimbo wa bi harusi aupige Dozi kwa kinanda, mimi nimsindikize. Kwa upole! Angenitukana ningevumilia.

Dozi anauza dawa famasi ya jirani, na huongea kama kile kikaratasi kinachokunjwa ndani ya pakiti. Akanipa pole, akanishauri nipunguze kahawa. Nikamfafanulia kwa heshima zote kuwa ugonjwa ni wa Kinyonga, si wangu. Akauliza kama hilo toleo la nne linakuja na mpigaji wake. Kinyozi alicheka mpaka akajikalia kwenye kiti cha wateja.

Chekeni tu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimewaandikia watengenezaji. Kwanza kwa jina langu. Wakajibu: asante kwa subira yako. Nikaandika tena, kama daktari mpasuaji asiyeweza kushika kisu kabla hajapiga gitaa. Asante kwa subira yako. Nikaandika kama askofu mstaafu. Asante kwa subira yako, Baba Askofu. Angalau huyu wamemheshimu.

Mama mkwe amehamia kwetu mpaka harusi ipite. Ameniuliza kile kidude kinakula umeme kiasi gani. Nikamjibu kidogo sana, Mama. Akatikisa kichwa, akasema ndiyo maana hakina nguvu.

Jumamosi, 8 Juni

Dukani amerudi mzee mmoja na miwani mipya. Analalamika haoni vizuri. Nimeipima. Haina kasoro hata chembe. Nikafanya tufanyavyo siku zote: nikaingia nayo chumba cha nyuma, nikaipangusa kwa kitambaa, nikagonga gonga meza kidogo ili asikie kazi inafanyika, nikamrudishia. Akaivaa, akapaza sauti kuwa sasa anaona hata nzi walioko ng'ambo ya barabara! Akanishika mkono kwa mikono miwili.

Nimemsimulia mke wangu wakati wa kula. Amecheka hadi machozi. Mimi kijiko kikanigandia hewani. Wazo! Wazo kubwa!

Jumapili, 9 Juni

Mimi ni hatari. Nimefika mazoezini nimetulia kama jaji, nikawaambia toleo la nne limeingia jana. Nikainama juu ya Kinyonga, nikabonyeza hewa, nikapiga ule mwanzo tu, ambao sikosei. Kinyozi akafumba macho. Akasema sauti imekuwa pana. Pana! Ni sauti ileile ya Jumatano, haijaongezeka hata unyoya. Dozi naye akakiri, kama mtu anayeng'olewa jino, kwamba kuna usafi fulani. Kisha akanyoosha shingo asome kioo cha Kinyonga. Nikajifanya napiga chafya, leso ikaangukia palepale.

Pale kati sikupapiga. Nikawaambia mtambo mpya hauchoshwi. Kinyozi akanirudishia wimbo! Dozi amenuna, amefungasha kinanda bila kuaga.

Nimeandika haya nikiwa na furaha, lakini sasa nimekaa kitandani nimeanza kufikiri. Wimbo ninao. Sasisho sina.

Jumanne, 11 Juni

Nimejaribu pale kati nikiwa peke yangu. Nimeanguka. Nimejaribu tena nikiwa nimesimama. Nimeanguka nimesimama.

Mke wangu akaja na sindano mdomoni, akasikiliza. Akasema baba yake hakuukimbiza wimbo ule hata siku moja. Pasi yake ilikuwa ya mkaa, nzito, na mluzi ulifuata mwendo wa pasi. Akifika kwenye kola anapunguza. Akaniomba nami nipunguze, nikifika pale kati nifikirie kola ya shati. Akanishika bega.

Nilimwonea huruma. Ananipenda, ila haelewi mitambo. Nikamweleza habari ya programu kwa muda mrefu. Alisinzia.

Ijumaa, 14 Juni

LIMETOKA! Nimetoka kazini mbio, wateja watapimana wenyewe. Nimemuunganisha Kinyonga na kompyuta. Mstari wa kupakua umetokea, mwembamba, mzuri. Unasogea. Mama mkwe amepita, akauliza tunangoja nini. Nikamwambia, Mama, kesho utasikia ambacho hujawahi kusikia. Akasema hilo ndilo analoliogopa.

Jumamosi, 15 Juni, asubuhi

Mstari umeganda. Ulikuwa hapo jana, uko hapo leo. Mtandao umeniangusha! Nimeubembeleza. Nimeupepea kwa gazeti. Kitabu cha maelekezo kinakataza kabisa kuzima katikati ya kazi. Shati limelowa kabla sijalivaa. Nimemwambia mke wangu ampigie Dozi, wimbo aupige yeye, mimi naumwa. Kweli naumwa. Mke wangu ameniangalia, kisha ameniamuru nikaoge.

Baadaye kidogo: LIMEINGIA! Nimetoka bafuni nakuta mke wangu ameshamfunga Kinyonga kwenye begi na zipu juu. Anasema mara tu nilipoanza kujimwagia maji, mstari ulikimbia hadi mwisho. Nilitaka kufungua nishuhudie, lakini gari lilikuwa linapiga honi na mama mkwe yuko ndani na kofia yake. Twende! Twende!

Jumamosi, 15 Juni, jioni

Niandike nini? Sina maneno, na ninayo mengi.

Nilimwasha Kinyonga gizani nyuma ya pazia, bila hata nafasi ya kutazama kioo chake. Bi harusi akasimama mlangoni. Nikaanza. Sikuwa na hofu hata kidogo, maana kazi ilikuwa ya mtambo, si yangu. Nikafika pale kati. Sijui kwa nini nilifikiria kola ya shati, labda kwa sababu bwana harusi alikuwa anajikuna ya kwake. Mkono ukapunguza. Noti zikapanda moja moja, zikashuka upande wa pili zote zikiwa hai! Shemeji alilia waziwazi. Dozi alisahau kubonyeza kinanda, akabaki amekodoa macho.

Na mama mkwe. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. Nilipomaliza alikuja mpaka jukwaani, na miguu yake ile inayomuuma, akasema, "Mwanangu, umemrudisha nyumbani." Mwanangu! Nikajifanya nakaza nyuzi.

Wahandisi wa toleo la nne wabarikiwe, wao na watoto wao.

Jumatatu, 17 Juni

Kashfa! Nimemwasha Kinyonga ninakili namba ya toleo, niwaandikie watengenezaji barua ya shukrani, kioo kinasema: toleo la tatu. Nimezima, nimewasha. La tatu!

Nimemkabili mke wangu kwenye cherehani. Hakupepesa macho. Alikata uzi kwa meno, akasema, "Nilikizima, nikakiwasha, nikakupangusia miwani." Akaendelea kushona, mabega yanamtikisika. Kisha kicheko kikamshinda, akaniinamia begani, akasema ule wimbo uliupiga wewe, mume wangu, wewe mwenyewe, na baba angeacha pasi iunguze nguo.

Nimekaa, nimetafakari kwa kina. Jambo lenyewe liko wazi, nashangaa mke wangu halioni. Kama toleo la tatu limeweza vile, la nne litafanya nini? Na watengenezaji wametangaza leo kuwa la nne lina dosari, linaganda, na la tano liko njiani!

Jioni mama mkwe alikuwa anafunga virago. Akasimama mlangoni mwa chumba changu, akatazama chini kidogo kama msichana, akaniomba, mwanangu, kabla gari halijafika, nimpigie ule wimbo mara moja tu, yeye peke yake.

Nikamshika mikono yote miwili. Nikamwambia asiwe na haraka, Mama. Avumilie tu mpaka toleo la tano.