Kiatu kilichokatala kutoka mbele ya wakwe

Wamama wenzangu wa kwaya, ninawaandikia kwenye kikundi chetu cha telefone, mguu mumoja ukiwa ndani ya beseni. Haya niliyopata leo, sijayapata tangu nizaliwe.

Munajua leo wakwe wametoka Salamabila kuleta mahari ya Riziki, mujukuu wangu (yule mwalimu, ndiyo, nitasema tena: mwalimu!). Bwana mwenyewe anaitwa Sumaili, anauza na kununua dhahabu. Mimi nilikuwa bado ninamuchunguza. Watu wa dhahabu wanainamia mawe tu, hawainamii mutu.

Asubuhi nikachukua viatu vyangu vyeusi vya ibada. Cha kuume kikafungua kinywa kama samaki wa Nyangwe. Soli inaning'inia!

Riziki akasema: «Bibi, usilie. Kuko ukurasa kwenye telefone. Unaonyesha unataka kubandika nini na nini, wenyewe unakuambia kole gani, gundi ya namna gani, inafaa.»

Nikakamata telefone mwenyewe. (Maandishi madogo yananishinda, lakini picha ninaziona.) Nikagusa picha ya ngozi. Nikagusa picha ya mupira, ule wa soli. Ikaleta chupa ya kole, sawasawa na ile ya duka la jirani! Nilijisikia daktari.

Chini kulikuwa maandishi. Riziki akanisomea: «Paka kidogo. Ngoja mupaka kesho ndipo uvae.»

Kesho! Na wakwe wanafika saa sita!

Nikangoja Riziki aende kusuka nywele. Nikanunua ile chupa kwa jirani, nikapaka. Si kidogo. Nilipaka kama karanga ya kusaga juu ya muhogo. Halafu nikavaa, nikasimama juu yake ili uzito wangu ugandamize. (Uzito niko nao, Mungu asifiwe.) Kole ikapitia kwenye matundu ya uzi, ikapanda ndani. Nikasikia baridi chini ya vidole. Nikasema ni jasho.

Saa sita, pikipiki tatu uwanjani.

Sasa desturi yetu munaijua. Mukeka wa mahari haukanyagwi na kiatu. Bibi wa binti anavua wa kwanza, anakaa, ndipo wengine wanakaa. Akibaki na viatu, maana yake ni moja: rudini na vitu vyenu.

Nikavua cha kushoto. Vigelegele! Nikavuta cha kuume. Wapi! Nikavuta tena. Ngozi ya mguu ikataka kuja nacho, nikapiga kelele.

Baba ya Sumaili, muzee mwenye kofia, akauliza polepole: «Mama, tumekosa nini?»

«Hamukukosa kitu, muzee.»

«Basi vua.»

«Ninavua.»

«Hauvui, mama.»

Wageni wakaanza kuangaliana. Hata mbuzi waliyemuleta akaniangalia. Riziki naye, nywele zimesukwa vizuri, machozi tele: «Bibi, unanikatalia bwana?»

Mungu wangu! Nikapasua ukweli mbele ya watu wote: «Sikatali! Nimebandikwa!»

Sumaili hakucheka. Akatoa telefone yake, akafungua ukurasa uleule, akasoma kwa sauti: «Usivute. Loweka na maji ya moto kidogo na sabuni, halafu paka mafuta.» Akaomba beseni. Akapiga magoti kwenye vumbi, na suti yake ya arusi, mbele ya baba yake. Akamimina maji ndani ya kiatu, akaingiza mafuta ya mawese, akaanza kuachilia kidole kimoja kimoja.

Nikamuuliza: «Bwana yangu, umekuja kuoa mimi ao Riziki?»

«Ninaanza na mwenye shida, Bibi.»

Uwanja muzima ukalipuka! Muzee alicheka mupaka kofia ikaanguka. Mguu ukatoka, mwekundu, unanuka mawese. Nikakanyaga mukeka nao, nikakaa. «Karibuni,» nikasema. «Huyu kijana anajua kuinama.»

Riziki ameolewa, wamama. Vidole vinaniwasha, lakini ameolewa.

Na kiatu? Soli haijasogea hata kidogo. Ukurasa ulisema kweli yote, ni mimi niliyesikiliza nusu.

Na wewe Mama Faida wa kwaya, ninaona kwenye kikundi unaandika kunicheka. Futa.